Pikipiki inazima ikijisikia: kuikamata hitilafu ya moto ikiwa hai

Kuna pikipiki ambayo asubuhi inawaka kwa kiki moja, inakutoa Kisesa hadi Kirumba bila neno, halafu saa saba mchana, jua likiwa limekolea, inakata moto katikati ya foleni ya Mabatini, hapa Mwanza. Unaisukuma hadi kwa fundi. Ikifika, inawaka. Fundi anabadili plagi, mwenye chombo analipa, na siku tatu hazijaisha imekata tena. Sasa inabadilishwa CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche ipige. Kisha koili inayopandisha umeme wa plagi. Mwisho wa mwezi nusu ya mfumo wa moto, yaani umeme wa cheche, ni mpya na ugonjwa uko palepale, kwa sababu tangu mwanzo ulikuwa kwenye waya mmoja unaopita shingoni mwa fremu.

Hitilafu ya kuja na kuondoka haipimwi ikiwa imeondoka. Ugumu wake wote uko hapo. Koili iliyopoa ukiipima saa mbili asubuhi itakupa namba safi, na namba hiyo safi ndiyo itakayokudanganya. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kununua, wala si kupima. Ni kujua inakata lini, kisha kuilazimisha ikate mbele yako huku multimita, kipimo cha umeme, ikiwa tayari mkononi.

Ninayoandika hapa yanahusu pikipiki za kabureta zilizokula miaka: Honda CG125, ndugu zake wengi wa Kichina walioiga injini ile ile, na zile kongwe zaidi zenye platini, yaani vibano vinavyofunguka na kufunga ili kutoa cheche badala ya CDI. Za sindano ya mafuta na kompyuta zina njia yake.

Kwanza hakikisha ni moto, si mafuta

Sikiliza inavyokufa. Moto ukikatika, injini huzima kama mtu aliyegeuza ufunguo: ilikuwa inavuta, haivuti, kimya. Au hukatika na kurudi kwa mshtuko huku ekzosi ikipiga mlipuko, maana mafuta yaliyopita bila kuungua yanawakia huko moto unaporudi. Mafuta yakikosekana, injini hufa kwa kuugua: inapoteza nguvu, inakohoa, ukivuta choki inafufuka kidogo, kisha inalala.

Ikizima, usikimbilie kiki. Fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa inavutwa ndani, na baada ya dakika moja au mbili ikawaka, basi tundu la hewa la mfuniko limeziba. Hili huiga ugonjwa wa joto vizuri kuliko yote, kwa sababu nalo hujitokeza baada ya muda uleule wa safari kila siku, na nalo hupona likipumzishwa. Ni CDI ngapi zimenunuliwa Mwanza hii kwa ajili ya tundu la kupitisha sindano!

Halafu legeza skrubu ya chini ya kabureta, mwaga kikombe chake kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani. Maji hujitenga na kukaa chini ya petroli. Kwa pikipiki zinazojazwa petroli ya chupa, hasa mialoni na visiwani, hatua hii usiiruke.

Mwisho fungua plagi. Kama umepiga kiki tano au sita na plagi imelowa petroli, mafuta yanafika, moto ndio haupo. Kama ni kavu, rudi kwenye kabureta. Kama imelowa, moto upo, na bado haiwaki ikiwa ya moto ila ikipoa inawaka, pima valvu kabla hujagusa waya wowote. Kwenye CG125 nafasi ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa. Zikibana zaidi ya hapo, joto linaweza kuzizuia zisifunge sawasawa na mgandamizo ukapungua.

Muulize dereva kabla ya kushika spana

Anayeiendesha kutwa anajua kuliko kipimo chochote, ila hajui kwamba anajua. Usimuulize "ina shida gani", atakwambia inazima, na hilo mnalijua wote. Muulize: inakata ikiwa ya moto au hata ikiwa baridi? Baada ya mvua? Ukipita kwenye matuta? Ukikata kona ya kulia au ya kushoto? Ukivuta mafuta mengi tu? Ukikanyaga breki ya nyuma au kupiga honi? Ikikata, taa za dashi nazo zinazima?

Kila jibu linafunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Inayokata baada ya dakika 15 hadi 30 za safari na kupona ikipumzika inakupeleka kwenye pikapu (koili ndogo inayoiambia CDI ipige lini), koili ya kuchaji CDI, CDI yenyewe au koili ya plagi. Kwa zile za platini, kondensa, kile kikopo kidogo kinachozuia platini zisiungue kwa cheche. Inayokata kwenye matuta na mashimo ina soketi iliyolegea, erthi (njia ya umeme kurudi kupitia fremu) mbovu, au waya uliokatika ndani ya ganda lake. Inayokata usukani ukigeuka haina fumbo: waya za shingoni zimechoka kukunjwa miaka kumi. Inayomisi ukivuta mafuta mengi pekee ina plagi yenye nafasi kubwa mno, au koili dhaifu, au umeme unaokwenda CDI hautoshi. Breki na honi ni habari ya betri.

Na maji je? Hapa kwetu maji yana sura zake. Mvua za ziwani hupenda kupiga usiku na alfajiri, pikipiki imelala nje, asubuhi unyevu umejaa kwenye swichi ya ufunguo na kofia ya plagi. Halafu kuna kuoshea ziwani: chombo kinaingizwa hadi magurudumu yazame nusu, kinamwagiwa ndoo, kinatoka kinang'aa. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi kama ya Bahari ya Hindi, kwa hiyo hayali shaba kwa kasi ile. Kinachobaki ndani ya soketi ni tope laini na mchanga, vinavyoshika unyevu hata siku ya jua. Mashine ya presha ya waosha magari ni mbaya zaidi, inasukuma maji mahali ambapo mvua isingefika. Lakini ugonjwa wenyewe hasa ni wa pikipiki zinazobeba samaki. Maji ya barafu yenye damu yanatiririka kutoka kwenye tenga, yanapita chini ya kiti, pale pale CDI na soketi zake zilipo. Hayo yana chumvi. Ukifungua soketi ya pikipiki ya samaki na kukuta ukijani juu ya pini, usishangae, na usiende mbali kutafuta.

Jua una CDI ya aina gani

Kuna CDI ya magneti, inayoitwa AC, na CDI ya betri, inayoitwa DC. Ya kwanza hupata umeme wake kwenye koili maalumu iliyo ndani ya kifuniko cha magneti, ile sumaku inayozunguka na injini. Toa betri kabisa, pikipiki bado itawaka. Ya pili inasubiri volti 12 zinazopita kwenye ufunguo. Kwa nje zinaweza kufanana, hata soketi zikaingiliana, na hapo ndipo watu huunguza kifaa kipya au kutafuta ugonjwa waliouingiza wenyewe. Hakikisha kwa kufuata waya kabla hujaazima CDI ya mwenzako.

Kwenye CG nyingi za Kichina zenye CDI ya magneti, rangi za kiwandani ni hizi: nyeusi yenye mstari mwekundu huleta umeme wa koili ya kuchaji, bluu yenye mstari mweupe ni ya pikapu (kwenye Honda zenyewe mara nyingi utakuta bluu na njano), nyeusi yenye mstari wa njano inakwenda koili ya plagi, nyeusi yenye mstari mweupe ni ya kuzimia, kijani ni erthi. Hayo ni ya kiwandani. Pikipiki iliyopita mikononi mwa mafundi watatu inaweza kuwa na waya wa spika mwanzo hadi mwisho, wa rangi moja. Fuata kwa kidole, usifuate kwa macho.

Upande wa swichi ndio wa kukata kwanza

Naanzia hapa kwa makusudi, ingawa mafundi wengi huanzia kwenye plagi. Jaribio lake ni la bure na linaondoa nusu ya maswali kwa mara moja.

Kwenye CDI ya magneti, ufunguo hauwashi chochote. Unazima. Ukigeuza kuzima, ule waya mweusi wenye mstari mweupe unaunganishwa na erthi, na CDI inanyamaza. Maana yake, waya huo ukichubuka na kugusa fremu popote njiani, au maji yakiingia kwenye swichi, injini inazima kana kwamba umeizima mwenyewe. Basi uchomoe kwenye soketi ya CDI, ufunge ncha yake kwa tepu, kisha endesha kama kawaida.

Onyo moja: ufunguo hautaizima tena. Kuizima, simama, ingiza gia ya juu, shika breki, achia klachi taratibu hadi ife. Usichomoe kofia ya plagi injini ikizunguka. Umeme wa maelfu ya volti ukikosa pa kutokea hujitafutia njia ndani ya koili na ndani ya CDI, na utakuwa umeongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Jaribio hili lifanyie barabara tulivu, si katikati ya mji.

Kama ilikuwa inakata kila siku na sasa imekwenda siku mbili bila kukata, umeshapata upande. Weka multimita kwenye mlio, ncha moja kwenye waya ule wa upande wa pikipiki, nyingine kwenye fremu, ufunguo ukiwa umewashwa. Isilie. Geuza usukani kulia na kushoto, bonyezabonyeza swichi ya kuzimia, tikisa ufunguo ukiwa na lile fungu lote la funguo za nyumbani na makufuli linaloning'inia. Ikilia hata kidogo, shika hapo hapo ulipokuwa unatikisa.

Kwenye CDI ya betri mambo yamegeuka: waya wa umeme ukikatika ndipo inazima. Pima volti za betri kwenye vituo vyake, kisha pima kwenye waya wa umeme unaoingia CDI, soketi ikiwa imechomekwa na ufunguo umewashwa. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna mahali njiani panakula umeme: fyuzi iliyoota kutu kwenye makalio yake, swichi, au soketi. Ujanja mzuri zaidi ni taa ndogo ya LED ya volti 12. Iunge kati ya waya huo wa CDI na erthi, uilete hadi karibu na spidomita, uifunge kwa tepu mahali unapoiona ukiendesha. Injini ikikata na taa ikazima pamoja nayo, tatizo liko kabla ya CDI. Injini ikikata na taa ikabaki inawaka, tatizo liko mbele zaidi. Kitaa hicho kidogo kinamaliza ubishi wa kijiweni uliodumu wiki nzima.

Sasa niseme jambo ambalo kwenye bodaboda ni kubwa kuliko plagi zote: swichi za siri, alamu na vifaa vya kufuatilia. Pikipiki nyingi za biashara zina kimoja kati ya hivyo, na vingi vinashika mfumo wa moto kwa njia moja au nyingine. Kwenye CDI ya betri kinakata waya wa umeme kwa rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme. Kwenye CDI ya magneti kinaunganisha waya wa kuzimia na erthi. Rilei nafuu iliyofungwa kwa tepu kwenye fremu inayotetemeka, waya zilizosokotwa kwa vidole bila kuchomelewa kwa risasi, swichi ya siri iliyofichwa chini ya tangi mahali maji yanapokusanyika. Uliza moja kwa moja: "Kaka, ina swichi ya siri?" Wengine hawasemi mpaka waulizwe mara ya pili, na wana haki, ndiyo maana ya siri. Ila usipoijua utazunguka. Kama chombo ni cha mkopo na kifaa cha kufuatilia ni cha mwenye mali, usikikate. Mpigie aliyekifunga, akipitishe pembeni kwa siku mbili kwa ajili ya jaribio, kisha akirudishe kwa maungio yaliyochomelewa.

Plagi, kofia na waya mkubwa

CG125 hutumia NGK D8EA au inayolingana nayo, nafasi ya cheche milimita 0.6 hadi 0.7. Pima kwa fila geji (vile vibapa vya kupimia nafasi), si kwa jicho wala kwa ukucha. Plagi feki zipo nyingi. Ile ambayo kauri yake inacheza ukiishika, au maandishi yake yanafutika kwa kidole chenye petroli, irudishe dukani.

Plagi kutoa cheche ikiwa nje haithibitishi kwamba inatoa ndani ya silinda. Chini ya mgandamizo cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuvuka nafasi ile ile. Ndiyo maana koili dhaifu huonekana nzima mezani na kufeli mlimani. Tumia testa ya cheche inayorekebishika, iweke milimita 6, ibane kwenye chuma cha injini, piga kiki. Unataka cheche ya bluu yenye weupe inayosikika ikipiga "ta, ta, ta". Ya rangi ya machungwa, nyembamba, inayoruka na kuacha, ni mgonjwa. Rudisha plagi kwenye tundu lake wakati wa kupima. Mvuke wa petroli unaotoka kwenye tundu wazi unaweza kuwaka usoni mwako.

Kofia ya plagi huwa na rezista ndani, kwa kawaida kilo-ohm 5. Izungushe utoe kwenye waya, pima ncha hadi ncha, huku ukiipindapinda. Ikisoma karibu na 5 na ikatulia, ni nzima. Ikisoma 20, au namba zikirukaruka, au ikisoma wazi, yaani umeme haupiti kabisa, tupa. Ni kifaa cha bei ndogo ambacho huzimisha pikipiki kubwa. Kata milimita 5 za mwisho wa waya mkubwa hadi uone shaba safi, kisha skrubu kofia upya. Usikate kwa ukarimu: kwenye koili nyingi waya huo hautoki, na ukiisha koili imeisha.

Usiku, sehemu yenye giza, iache injini iungurume, puliza ukungu wa maji kwa chupa kama ile ya kinyozi kuzunguka kofia na waya. Ukiona uzi wa bluu unakimbia kutoka kwenye waya kwenda kwenye silinda au fremu, umeme unavuja hapo. Mchana jua linakuficha hilo.

Ugonjwa wa joto

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo pesa nyingi hupotea.

Pikapu ni koili ndogo inayoiambia CDI wakati wa kupiga. Waya wake ni mwembamba mno, umezungushwa mara nyingi. Mahali panapochoka ni pale waya unapochomelewa kwenye kituo chake: ufa usioonekana, ukipata joto unafunguka, ukipoa unagusana tena. Koili ya kuchaji CDI ina ugonjwa uleule, na yenyewe imekaa kwenye joto la injini kutwa.

Zipime kutoka kwenye soketi ya CDI, si kwenye koili zenyewe. Hivyo unapima na waya wote wa njiani. Kwenye injini za aina ya CG, pikapu husoma kati ya ohm 100 na 200, na koili ya kuchaji kwa kawaida kati ya ohm 200 na 500. Andika namba za asubuhi. Kisha endesha hadi ikate, na uwe umeshatoa kifuniko cha pembeni kabla ya kuondoka nyumbani, ili ndani ya dakika moja uwe umechomoa soketi na kupima. Dakika kumi zikipita imeshapoa na kukuficha maradhi.

Kuna kosa hapa la watu wanaojua kupima nusu. Shaba hupandisha ukinzani wake kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila digrii. Pikapu ya ohm 150 kwenye joto la digrii 25 itasoma karibu 194 ikifika digrii 100. Huko si kuharibika, ni tabia ya shaba. Anayeitupa kwa sababu "imepanda mpaka 190" ametupa kifaa kizima. Unachotafuta ni mruko: namba inayokwenda wazi kabisa, au inayodunda ukivuta waya kidogo pale unapotoka kwenye kifuniko cha magneti.

Baada ya ohm, pima umeme. Multimita kwenye volti za AC, ncha kwenye waya mweusi wenye mstari mwekundu na wa kijani, soketi ikiwa imechomolewa, piga kiki kwa nguvu. Inayofanya kazi itatoa makumi ya volti. Ni umeme wa kuuma, weka vidole mbali. Pikapu yenyewe itatoa sehemu ndogo tu ya volti kwenye multimita ya kawaida. Usiihukumu kwa namba, ilinganishe baridi na moto. Ukifungua kifuniko hicho cha magneti, tazama pia nafasi kati ya pikapu na kinundu cha magneti, iwe karibu nusu milimita, skrubu zake zikiwa zimekaza, na futa vumbi la chuma linaloganda kwenye sumaku yake.

CDI haipimwi kwa multimita ya kawaida. Jedwali la ohm unaloletewa kwenye simu ni la CDI nyingine yenye sakiti nyingine. CDI inahukumiwa kwa joto na baridi. Azima drayer ya saluni. Injini ikiunguruma, pulizia CDI pekee kwa umbali wa kiganja, dakika tatu hadi tano. Haikukata? Iache, hamia koili ya plagi. Moja kwa wakati mmoja, ukivipasha vyote pamoja hujajifunza kitu. Ikikata, chukua chupa ya maji ya nusu lita iliyogandishwa, izungushie kitambaa kikavu, iegemeze kwenye kifaa kile kile, piga kiki kila baada ya nusu dakika. Ikirudi haraka kwa kupozwa kifaa kimoja tu huku injini ikiwa bado ya moto, umemshika mwizi mkono ukiwa mfukoni. Barafu Mwanza si tatizo, mji wa samaki huu.

Koili ya plagi ya mfumo wa CDI husoma chini ya ohm 1 upande mdogo. Kwanza gusanisha ncha za multimita, soma namba yake yenyewe, uitoe. Vipimo vingi nafuu vina sehemu za kumi za ohm kwenye waya zao. Upande mkubwa, bila kofia, tegemea takribani kilo-ohm 3 hadi 5. Nzima kwa ohm haimaanishi nzima kwa volti, kwa hiyo jaribio la milimita 6 lililotajwa juu, likifanywa ikiwa ya moto, lina uzito kuliko namba hizi.

Ukiazima CDI au koili ya mwenzako wa kijiweni mwenye pikipiki ya aina hiyo hiyo, ifunge pikipiki ikiwa imekufa na bado ina joto. Kuifunga kesho yake asubuhi na kusema "imepona" hakuthibitishi kitu. Hata ile mbovu ingewaka asubuhi.

Erthi na soketi

Koili ya plagi hurudisha umeme kupitia bolti zake. Rangi ikipakwa juu, kutu ikiota chini, moto unakuwa wa kubahatisha. Chukua waya mnene, unga bolti ya injini, mwili wa koili na waya wa kijani wa CDI, vyote pamoja, kwa muda. Kama ugonjwa umeisha, kwangua na ukaze bolti za asili, kisha waya wako wa ziada uufunge kwa kudumu, hauna hasara.

Waya uliokatika ndani ya ganda hautauona. Ushike kwa vidole viwili kila baada ya inchi mbili, vuta taratibu. Mzima haurefuki. Uliokatika unavutika kama bigijii. Anzia shingoni mwa fremu, halafu chini ya tangi panapobanwa, halafu karibu na ekzosi.

Soketi ifungue, vuta pini moja moja. Pini ya kike iliyopanuka haishiki. Ichomoe kwa bisibisi ndogo, ibane kidogo, irudishe. Safisha kwa dawa ya kusafishia umeme na mswaki mkavu, acha ikauke kabisa juani, kisha paka vaselini kidogo kwenye ukingo wa nje tu. Na ule mtindo wa kuzungushia soketi mpira wa tyubu ya baiskeli uachwe. Unaonekana umezuia maji, kumbe umeyafungia ndani. Maungio yachomelewe kwa risasi na kuvalishwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota na tepu ni kuahirisha.

Zile za platini

Nafasi milimita 0.3 hadi 0.4 zikiwa zimefunguka kabisa. Zisafishe kwa msasa laini, kisha pitisha karatasi safi katikati, maana unga wa msasa wenyewe ni hitilafu mpya. Ukiona cheche kubwa za bluu kati ya platini, uso mmoja una kishimo na mwingine una kilima, na injini inakata ikipata joto, badili kondensa. Multimita yenye kipimo cha kapasitansi isome kati ya mikrofaradi 0.2 na 0.3, lakini pima ikiwa ya moto. Tone moja la oili kwenye kitambaa cha kamu, lisizidi. Likifika kwenye platini utarudi mwanzo.

Ukishaipata, usiitupe mbovu papo hapo. Irudishe, pasha joto au tikisa kama mwanzo, uone inakata tena. Kisha funga nzima. Kilichotolewa bure kwa kubahatisha, ile plagi, ile CDI, kiandike kwa kalamu ya wino mzito "nzima", tarehe, na aina ya pikipiki, ukiweke kwenye kisanduku cha vifaa. Hicho ndicho kitakuwa kifaa chako cha kubadilishia siku nyingine, na kijiwe kizima kitakuja kukiazima.